Kebo ya Mita Themanini

Mackrine Rwezaura hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Pale Nkwenda, mji mdogo wa soko, kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Othman, alikuwa na meza ya ufundi, taa yenye shingo ya kupinda na kiti kimoja, lakini kiti hicho kilikaliwa zaidi na redio za wateja kuliko yeye. Alilehemu akiwa wima. Alikula akiwa wima. Simu ikiita, aliipokea huku akitembea hadi kwa wanunuzi wa maharage na kurudi, na aliyempigia alisikia soko zima likipita.

Alikuwa na miaka thelathini na sita. Alikuwa amesoma elektroniki miaka miwili katika chuo kimoja Mwanza, kisha baba yake, Mzee Polikarpi, akapata kiharusi. Mackrine akarudi nyumbani Kibingo kumuuguza kwa miezi mitatu, na miezi hiyo ikazaa miaka kumi na miwili. Katika miaka hiyo alifundisha kompyuta kwa watawa, akaacha. Aliuza paneli za sola, akaacha. Alianza kuunda mashine ya kutotolea vifaranga, ikabaki bila mlango. Alianza pampu ya kupandisha maji kutoka bondeni, ikabaki bila bomba. Watu hawakumchukia kwa hilo. Walisema tu, "Akili anazo, makalio ndiyo hana."

Kutoka chuoni alibaki na kitu kimoja ambacho hakukiuza wala kukigawa: bodi ya kijani, ndogo kama kiganja, aliyoachiwa na Cleophace, kijana waliyesoma pamoja. Katikati ya bodi ile kuna chipu ambayo mafundi huiita FPGA. Chipu nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kazi yake moja. Hii haina. Ni kama kiwanja kitupu chenye maelfu ya vipande vidogo vya sakiti, yaani njia za umeme. Wewe unaandika vipande hivyo viungane vipi, unapakia maandishi yako, na chipu inageuka kuwa kile ulichoandika. Leo saa, kesho kinanda. Mackrine aliipenda kwa sababu hiyo, ingawa kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa kuwasha na kuzima taa nane mezani.

Kilichombadilishia mambo kilitokea mwezi Machi mwaka jana, katika shule moja ya msingi huko Mabira. Siku ile jua lilikuwa linawaka. Watoto walikuwa uwanjani, mapumziko ya saa nne. Wingu lilikuwa nyuma ya kilima, na walioliona hawakuona la kuogopa. Radi ikapiga mkaratusi wa pembeni mwa uwanja. Watoto watatu wakarushwa chini. Wawili waliamka wakilia. Wa tatu, Uwitonze, binti wa darasa la tano, aliamka kimya huku damu ikimtoka sikio la kushoto. Alipona, ila sikio lile halikusikia tena.

Mwalimu mkuu wa shule hiyo, Mukashema, alikuwa amesoma sekondari na Mackrine, dawati moja. Wiki moja baada ya tukio alifika Nkwenda na redio ya ofisini kwenye mfuko. Mackrine aliifungua, akakuta waya mmoja tu umelegea.

"Hii hata usingelipa nauli kuja nayo," alimwambia akicheka.

Mukashema hakucheka. "Ilikuwa inakwaruza," alisema. "Siku ile. Robo saa nzima kabla ya radi ilikuwa inakwaruza tu, krr, krr, nikakasirika, nikaizima. Niliizima mwenyewe kwa mkono huu. Nakuuliza wewe unayejua mitambo. Hakuna chombo kinachoweza kuisikia mikwaruzo ile kikaniambia, Mwalimu, ingiza watoto ndani?"

"Kipo."

"Kinauzwa wapi?"

"Nitakutengenezea."

Alisema kabla hajafikiri. Mukashema alikuwa anaijua ile mashine ya vifaranga. Aliwahi kuahidiwa vifaranga.

"Utakimaliza, Mackrine?"

Mackrine alichukua bisibisi, akaiweka, akachukua nyingine. "Nimesema nitakutengenezea," alijibu, na rafiki yake alipoondoka alizunguka soko mara mbili bila kununua kitu.

Kuisikia radi hakukuwa kazi ngumu. Alizungusha waya wa shaba kwenye fremu ya mbao akapata antena, akaiunga na bodi, na kabla ya Pasaka ile chipu ilikuwa inadaka kila mkwaruzo na kuuhesabu. Mikwaruzo ikiongezeka na kupata nguvu, mvua ya radi inasogea. Isingeweza kusema iko kilima gani, lakini ingeweza kusema inakuja.

Ugumu ulianzia shuleni kwenyewe. Alipoifunga bodi ofisini kwa Mukashema, ilipiga kelele muda wote. Inveta ya sola ilikuwa inakwaruza, taa za mirija zilikwaruza, hata kompyuta yenyewe ilikwaruza. Mackrine akachukua redio ndogo, akaiweka pasipo na kituo, akaanza kutembea nayo kiwanjani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Watoto walimfuata kwa macho madirishani. Alipita jikoni, akapita vyoo, akaingia kwenye migomba ya shule, na kule mwisho, karibu na uzio, redio ikatulia. Yeye na Mukashema wakapima kwa futi kamba kutoka pale hadi ofisini. Mita sabini na nane: bodi na antena vingekaa huku, kompyuta ya kupokea hesabu ingebaki kule.

Waya wa kawaida wa kuunganisha vifaa na kompyuta hauvuki mita tano. Kebo ya mtandao, hii ya Etheneti, inakwenda mpaka mia moja bila kuchoka. Tatizo ni kwamba bodi yake haikuwa na tundu la kebo hiyo. Lingebidi kuongezwa. Alimpata mtu wa kuagiza kimoduli kidogo, tundu la Etheneti pamoja na chipu inayojua kusukuma umeme kwenye kebo. Hicho kinafanya sehemu ya mwisho tu. Yaliyobaki, yaani namna ya kufungasha maneno, kuandika yanatoka kwa nani na yanakwenda kwa nani, na kuitika ukiitwa, kompyuta hufanya bila wewe kujua. Mackrine angepaswa kuyaandika yote mwenyewe, sakiti kwa sakiti, ndani ya ile chipu tupu.

"Kwa nini usitafute kitu kilicho tayari?" Mzee Othman alimuuliza. Alikuwa mtu wa makamo ya juu, babu zake walitoka Pangani, na kwake kitu chochote kilikuwa na saizi yake dukani.

"Vipo, Mzee. Lakini vingi vikishughulika na jambo jingine vinapepesa kidogo, na mkwaruzo wa radi ni mfupi, ukipepesa umekupita. Hii haipepesi."

"Basi mmepatana. Na wewe hupepesi."

Kimoduli kilifika na basi mwishoni mwa Aprili, kimefungwa kwenye gazeti. Mackrine alikiunga na bodi kwa nyaya tisa za rangi, akachomeka kebo kwenye laptopu yake kuukuu. Taa ya kijani kwenye tundu ikawaka mara moja. Pande mbili za kebo zilikuwa zimeonana. Alishangilia peke yake, akaandika sakiti ya kutuma pakiti moja, yaani fungu moja la maneno, moja tu, akasubiri ionekane kwenye laptopu.

Haikuonekana.

Na hapa ndipo yalipoanza mateso ambayo mtu mtulivu pengine asingeyaita mateso. Kila alipobadilisha herufi moja katika maandishi yake, laptopu ilichukua dakika kumi na moja kuyageuza kuwa sakiti. Dakika kumi na moja ni ndefu mno kwa kusimama na ni fupi mno kwa kazi nyingine. Alikwenda stendi akarudi. Alikwenda kuangalia bei ya kahawa akarudi. Mara nyingi alirudi akakuta mashine ilisimama kwenye dakika ya kwanza, alisahau nukta mkato mstari wa arobaini. Alirekebisha, akaondoka tena. Mei nzima watu wa Nkwenda walimwona akipita na kupita, midomo ikimcheza, na redio zao zikilundikana kwenye kiti. Mama mmoja wa ndizi alimwambia waziwazi, "Fundi, redio yangu imezeeka kwako kuliko ilivyozeekea kwangu."

Alisoma upya maelezo ya kimoduli. Aligeuza mpangilio wa nyaya. Alishuku kebo, akanunua nyingine. Alishuku laptopu. Siku nyingine alipata fujo ya herufi zisizo na maana, akafurahi kama aliyeona moshi msituni, na kesho yake hata fujo ilipotea. Mukashema alipopiga simu, Mackrine alisema kinaendelea. Alipopiga tena, hakupokea. Jumanne moja mwezi Juni alichomoa kila kitu, akaiweka bodi kwenye kopo la misumari, akafunga mfuniko, akamwambia Mzee Othman kwamba anakwenda Kibingo kuchuma kahawa.

Kibingo ilikuwa kimya, na kimya kilimsumbua. Kibanja cha baba yake, shamba la kuzunguka nyumba, kilikuwa kimejaa, migomba juu, mibuni chini, matunda yamekwiva mekundu. Alichuma tangu asubuhi mpaka mikono ikawa myeusi. Wiki ya pili, mchana, walikuwa barazani yeye na mzee. Mzee Polikarpi alikaa kwenye kiti chake cha mgongo mrefu, mkono wa kulia umelala mapajani. Ugonjwa ulimwachia maneno machache, na yeye aliyatoa polepole.

"Kitu cha shule," alisema.

"Kinaendelea, Tata."

"Kiko wapi?"

Mackrine alinyanyuka kama kawaida yake, akashika ungo, akaanza kupepeta maharage yaliyokwisha kupepetwa. "Nimekiacha Nkwenda."

"Ulimwambia mwalimu ndiyo?"

"Nilimwambia."

Mzee alivuta pumzi. Ilimchukua muda kuipata sentensi, na Mackrine alilazimika kuingoja akiwa na ungo mkononi. "Sasa mwambie hapana. Uende umwambie. Usimwache anasubiri."

Hakumgombeza. Aligeuza uso akatazama kuku. Mackrine alijaribu kujiona mbele ya Mukashema akisema neno lile. Alijaribu tena jioni ile akiteka maji. Halikutoka.

Alibaki na mtu mmoja wa kumuuliza, na ndiye ambaye Mackrine alikuwa akimkwepa tangu Aprili, hata moduli aliiagiza kwa mtu mwingine. Cleophace alimaliza chuo. Yeye hakumaliza. Kumpigia ni kumkumbusha hilo, au ndivyo alivyoona. Kesho yake asubuhi alipanda hadi penye mtandao, akapiga, akaeleza yote kwa pumzi moja huku akizunguka kichuguu.

Cleophace alisikiliza. "Nyaya zako zina urefu gani?" aliuliza.

"Za kutoka bodi kwenda moduli? Kama kiganja hivi. Kiganja na nusu."

Cleophace akacheka, si kwa kumcheka. "Mackrine! Ile ni mapigo milioni hamsini kwa sekunde. Waya wa kiganja na nusu, umelegea hewani, umepakana na wenzake? Kila mmoja unamsikia jirani yake. Wewe mwenyewe umegeuza nyaya kuwa antena. Zikate. Lehemu moja kwa moja, fupi kadiri unavyoweza." Halafu akaongeza, "Mimi nilijua bodi ile uliitupa zamani. Nimefurahi."

Alirudi Nkwenda siku hiyohiyo na magamba ya kahawa kwenye kucha. Akakata nyaya, akalehemu upya, kila moja fupi kuliko njiti ya kiberiti. Akatuma pakiti. Haikuonekana bado, lakini safari hii kulikuwa na jambo jipya: laptopu ina mahali inapohesabu pakiti mbovu ilizozitupa, na hesabu ile ilikuwa inapanda. Moja. Mbili. Ishirini. Kila alichotuma kilifika mlangoni na kufukuzwa.

Sababu aliijua. Kila pakiti inayosafiri kwenye kebo hubeba mkiani namba ya uhakiki, inayokokotolewa kutokana na yote yaliyomo. Anayepokea hukokotoa upya. Namba zisipolingana, pakiti hutupwa bila taarifa. Kwa hiyo alikokotoa kwa mkono. Alijaza karatasi, akakokotoa tena nyuma ya karatasi. Namba yake ilikuwa sahihi. Wiki nzima ilikuwa sahihi na wiki nzima ilikataliwa.

Mzee Othman alikuwa ametoka kuswali adhuhuri, amekaa nyuma ya mizani ya misumari na kitabu chake cha Kiarabu. "Leo inasemaje?" aliuliza.

"Inafika, wanaikataa. Namba ni sahihi, Mzee, nimeihakiki mara tatu."

"Umeiandika sawasawa?"

"Kama nilivyoandika mengine yote." Alikuwa anatembea kati ya mlango na mifuko ya saruji. "Kwenye kebo kila kitu huanzia upande mdogo, kikubwa hufuata. Ni kama kuandika kinyume."

"Kama sisi," alisema Mzee Othman akigonga kitabu. "Tunaanzia kulia."

"Ndiyo, kama ninyi."

"Hata namba?"

"Namba imefanyaje?"

"Nauliza, maana hapa naanzia kulia, lakini nikikuta namba, tuseme mwaka, yenyewe haigeuki. Inakaa kama yenu, kubwa yake kushoto. Watoto wa madrasa hapo ndipo wanapojikwaa, wanaisoma kinyume."

Mackrine alifungua kinywa kumwambia kwamba huku mambo ni tofauti. Badala yake alikwenda kwenye laptopu, akafungua ule waraka mrefu wa kanuni za Etheneti alioupitia labda mara ishirini, akashuka mpaka kifungu cha namba ya uhakiki. Mstari ulikuwepo, mmoja, mfupi. Kila kitu kinaanzia upande mdogo. Namba ya uhakiki peke yake inaanzia upande mkubwa.

"Mzee," alisema. "Mzee Othman."

"Nipo."

Mackrine alibadilisha mstari mmoja, akaanzisha mashine, na kwa dakika zile kumi na moja hakwenda stendi wala kwa wanunuzi wa maharage. Alisimama akishika ukingo wa mizani. Kisha akapakia sakiti, akaandika amri ya kuiita bodi. Kwenye kioo likaja jibu. Chini yake jibu jingine. Mistari ikashuka mmoja baada ya mwingine, na taa ya njano kwenye tundu ikapepesa kwa kila mstari.

"Sasa kinafanya nini?" Mzee Othman alichungulia.

"Laptopu inauliza, upo? Nacho kinajibu, nipo."

"Basi?"

"Basi."

"Miezi mitatu?"

"Miezi mitatu."

Mzee Othman alifikiri, akamwita mkewe, Mwajabu, kutoka uani aje aone. Mwajabu alikuja akijifuta unga mikononi, akatazama mistari ikishuka. "Hongera mwanangu," alisema. "Hata mtoto huanza kwa kuitika." Na Mackrine, ambaye hakulia siku alipoacha chuo, alilia pale kwenye saruji mpaka mteja aliyefuata mabati akauliza nani amefariki.

Mwisho wa Septemba wazazi wa Mabira walichimba mtaro kutoka ofisini hadi kwenye uzio. Kebo ikalazwa ndani ya bomba la plastiki, kila ncha ikawekewa kinga ya radi na chuma cha kwenda ardhini, kwa sababu Mackrine hakutaka chombo cha kuonya kiwe njia ya kuileta ndani. Bodi ilikaa ndani ya ndoo yenye mfuniko, juu ya nguzo, chini ya antena. Ofisini kompyuta ilipokea hesabu kila sekunde, na hesabu ikivuka kiwango, spika ya honi juu ya paa ililia.

Siku ya pili ililia saa tano asubuhi. Watoto mia nne walikimbilia madarasani, milango ikafungwa, wakangoja. Hakukuwa na wingu hata la dawa. Kulikuwa na bodaboda iliyoleta unga wa uji. Mchana ililia tena: bodaboda nyingine. Siku iliyofuata ililia mara tatu, na Mwalimu Nestory wa michezo akasema mbele ya watoto kwamba shule imefungiwa king'ora cha bodaboda. Watoto walicheka, na siku ya nne honi ilipolia hakuna aliyekimbia.

Mukashema alimpigia Mackrine, akamweleza bila kupaka asali. "Nisichotaka ni hiki cha leo," alisema. "Kulia, halafu wasikimbie. Ni bora wasiwe nacho."

Wazo la kwanza la Mackrine lilikuwa kuzima simu. La pili lilikuwa kwamba kuna mtu Karagwe anatafuta fundi wa sola, kazi ya mwezi mzima, mbali. Aliyazungusha yote mawili kichwani alipokuwa akipanga vifaa kwenye mfuko, na alipomaliza kuvipanga akaona ameshapanga vya Mabira. Alipanda bodaboda ya Projest. Walipokata kona ya mwisho ya shule, honi ikawapokea kwa kelele, na Projest akashtuka nusura waingie kwenye kahawa ya watu.

Alikaa kwa Mukashema siku nne. Projest alikubali kuzunguka migomba na pikipiki yake, polepole, kwa kasi, akizima, akiwasha, huku Mackrine akiwa chini ya nguzo na laptopu kwenye mapaja, kwa sababu hakukuwa na meza ya kusimamia. Akaona. Cheche za injini huja kwa kupangana, kama hatua za askari. Radi haina mpangilio: kishindo, kimya, vishindo vitatu, kimya kirefu. Akaandika sakiti ndogo ya kupima mapengo kati ya mikwaruzo na kutupa kila kinachokuja kwa hatua. Dakika kumi na moja, jaribio. Dakika kumi na moja, jaribio. Siku ya nne alasiri Projest alizunguka mara thelathini na honi haikusema neno. Mwalimu Nestory mwenyewe ndiye aliyemletea chai.

Mvua za vuli ziliingia Oktoba. Jumatano moja Mackrine alikuwa Mabira kukaza mfuniko wa ndoo. Jua lilikuwa kali, watoto wako uwanjani. Honi ikalia. Watoto wakasimama, wakatazama juu, wakatazamana. Hakuna wingu. Hakuna bodaboda. Wa kwanza kukimbia alikuwa Uwitonze, na wengine wakamfuata kwa sababu yeye alikimbia.

Mackrine alibaki penye uzio. Alitaka kuona. Taa ya njano ilikuwa inapepesa, pakiti zinakwenda, lakini je, ni radi au ni kitu kingine asichokijua? Alisubiri dakika tano, dakika saba, akitembea chini ya migomba, hatua tatu kwenda na tatu kurudi.

"Mackrine!" Mukashema alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa la tano, mikono kiunoni. "Ingia ndani! Unadhani wewe haikuoni?"

Aliingia. Nafasi iliyokuwepo ilikuwa kwenye dawati la Uwitonze, upande wa kulia. Alikaa, magoti yakimcheza chini ya meza. Mtoto aliyatazama magoti yale, kisha akamtazama yeye.

"Fundi, kile kitu kina masikio mangapi?"

"Moja. Antena ni moja."

"Kama mimi," alisema Uwitonze, akaridhika.

Dakika ya kumi na nne darasa likawa jeusi. Upepo ukapiga madirisha, na radi ya kwanza ikapasuka upande wa pili wa bonde, nyingine karibu zaidi, nyingine ikatikisa mabati mpaka watoto wadogo wa chumba cha jirani wakapiga yowe. Ilinyesha nusu saa. Haikupiga shule. Ilipasua mti mmoja kwenye msitu wa mikaratusi ng'ambo, na hakuna awezaye kusema kama siku ile kuna mtoto aliyeokolewa au hapana. Mukashema alihesabu watoto darasa kwa darasa, akarudi, akaweka mkono begani mwa rafiki yake, akauacha hapo.

Chombo hakikuwa na ukamilifu. Novemba, wakati wa kukamata senene, wale panzi wa kuliwa, wingu moja lilizaliwa juu ya shule yenyewe na honi ilitoa dakika mbili tu. Mackrine aliichukia siku ile, akaiandika kwenye daftari, akaanza kufikiria antena ya pili. Shule ya jirani ilikwisha kumwomba chombo chao. Safari hii hakujibu palepale. Alisema atawaambia Ijumaa, na Ijumaa akawaambia ndiyo, kisha akawaambia pia ni lini.

Masika ya mwaka huu, Aprili, radi ilipiga karibu na uzio, na umeme ukapenya kwenye kebo licha ya kinga. Bodi ilipona. Moduli iliungua. Mackrine alikuwa na homa, amelala Kibingo kwa baba yake, na kwa mara ya kwanza hakuweza kunyanyuka hata kama angetaka. Alikuwa ameondoa lehemu na kuweka soketi fupi, akaagiza moduli mbili za akiba, na Januari alimwonyesha Mukashema jinsi ya kuchomoa na kuchomeka. Akamwelekeza kwa simu, sauti ikimkauka.

"Imeingia," alisema Mukashema. Mvua ya kawaida ilisikika ikipiga majani ya migomba nyuma yake. "Taa ya kijani imewaka. Ya njano inapepesa. Mwalimu Nestory yuko ofisini, anasema namba zinakuja. Nifanye nini tena?"

Mackrine alitafuta kitu cha kumwambia afanye. Hakikuwepo.

"Hakuna," alisema. "Rudi darasani."

Alikata simu. Mzee Polikarpi, kwenye kiti chake pembeni ya kitanda, aliuliza kwa macho kuna nini. "Wamekirekebisha wenyewe, Tata," alimwambia. Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, akamsogezea kikombe cha uji kwa mkono wake wa kushoto.